Soma Kwanza, Andika Mwisho: Ushauri kwa Watunza Seva za Linux Milimani Usambara

Ukitoka Lushoto mjini, ukapanda Magamba na kushika barabara ya Lukozi, unafika Kwai. Wajerumani walikuwa na kituo cha majaribio ya kilimo hapo mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo ni kata ya kabichi, karoti na viazi vinavyoteremshwa kwa malori hadi Mombo na kuendelea na safari ya Tanga au Dar es Salaam. Katika maeneo kama haya kompyuta moja iliyowekwa pembeni mwa ofisi inaweza kubeba mambo mazito: matokeo ya wanafunzi wa miaka kadhaa, takwimu za kliniki ya mama na mtoto, hesabu za wanachama wa chama cha akiba na mikopo. Na pale ambapo fedha za leseni hazipo, kompyuta hiyo huwekewa Linux, mfumo endeshi wa chanzo huria usiolipiwa.

Halafu masika yanaingia, umeme unakatika ghafla, unarudi, unakatika tena. Siku moja seva inawaka na kusimama kwenye skrini nyeusi. Inasema volyumu haipatikani, au kifaa hakipo, au nafasi imekwisha. Aliyepo zamu ni mwalimu wa TEHAMA au karani. Fundi aliyeisimika yuko Tanga, na simu yake haipokelewi.

Nawaandikia hao. Nina jambo moja la kusema, na mengine yote hapa chini yanalitumikia: hitilafu nyingi za volyumu za kimantiki huiacha data ikiwa salama kwenye diski, na kinachoimaliza ni amri iliyoandikwa kwa haraka baada ya hitilafu. Anayesoma kwanza na kuandika mwisho huokoa kazi ya miaka. Anayebahatisha amri alizookota huipoteza kwa dakika moja.

Tabaka sita, na nani anakaa wapi

Programu inayogawa diski kwenye Linux huitwa LVM. Iliandikwa na Heinz Mauelshagen mwaka 1998, na toleo lake la pili ndilo linalotumika leo. Ubuntu Server huiweka yenyewe ukikubali mpangilio wa kawaida wakati wa kusimika, kwa hiyo watu wengi wanayo bila kujua.

Mkulima wa Usambara ataielewa upesi. Ukoo una vipande vya shamba sehemu mbalimbali: kimoja bondeni, kingine mteremkoni, kingine kule chini karibu na Mombo. Vyote vinahesabiwa kuwa ardhi moja ya ukoo, kisha kila mwanafamilia anakatiwa fungu lake, na fungu hilo linaweza kuchukua kidogo bondeni na kidogo mteremkoni. Kinachojua fungu la nani liko wapi ni daftari la mgawanyo. Kwenye LVM, vipande ni diski au patisheni, nazo huitwa volyumu halisi. Ardhi yote ni kundi la volyumu. Mafungu ni volyumu za kimantiki. Na daftari ni rejista ndogo inayoandikwa mwanzoni mwa kila volyumu halisi. Mgawanyo hupimwa kwa vipimo vidogo vinavyolingana, kwa kawaida MiB 4 kila kimoja.

Ukipanda kutoka chini, tabaka ni hizi: diski yenyewe na waya zake, patisheni, volyumu halisi, kundi la volyumu, volyumu ya kimantiki, na juu kabisa mfumo wa mafaili, kama ext4 au XFS, ambao hupachikwa kwenye folda ili mafaili yaonekane. Hitilafu ya tabaka la chini hujionyesha juu. Mtu anaona mafaili hayafunguki, anakimbilia kukarabati mfumo wa mafaili, kumbe waya wa diski umelegea. Ndiyo maana uchunguzi lazima uanzie chini.

Kabla ya kugusa chochote

Chukua kalamu. Nakili ujumbe ulio kwenye skrini neno kwa neno, au upige picha kwa simu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kazi ile ilionyesha kwamba kompyuta inaweza kusema nasi kwa lugha yetu. Lakini jumbe za hitilafu za diski bado ni za Kiingereza, na wengi huzipita kwa hofu. Usizipite. Ndani yake mna jina la kifaa na namba ndefu ya utambulisho, na hivyo viwili ndivyo vitakavyokuongoza.

Kisha jiwekee miiko. Mpaka umalize uchunguzi, usiandike `mkfs`, `pvcreate`, `vgreduce`, `lvremove` wala `fsck`. Usikubali kompyuta ya Windows ikuombe kuandaa au kufomati diski uliyoichomeka kwake. Haitambui volyumu za LVM, kwa hiyo inaiona kama diski tupu. Usizime na kuwasha mara kwa mara ukitumaini itapona yenyewe, kwa sababu diski inayougua huchoka zaidi kila inapowashwa.

Ikiwa seva haiwaki kabisa, tumia flashi yenye Ubuntu. Flashi hii inapaswa kuwa kabatini siku zote, maana kushusha faili la gigabaiti kadhaa kwa bando la simu siku ya msiba ni kazi ya kutwa. Washa kutoka kwenye flashi, chagua kujaribu bila kusimika, fungua dirisha la amri, na uandike `sudo -i`. Sasa unaweza kuitazama diski bila kuitegemea.

Panda kutoka chini

Anza na diski yenyewe:

`lsblk -f`

Amri hii inaonyesha kila diski, patisheni zake na kilichomo. Patisheni ya LVM itaandikwa `LVM2_member`. Je, diski unayoitarajia ipo? Kama haipo hapa, hakuna amri ya LVM itakayoirudisha. Zima, fungua kasha, kandamiza waya wa data na wa umeme, badilisha tundu, kisha washa tena. Baridi na ukungu wa milimani huleta unyevu, na unyevu hula viunganishi. Waya wa bei ndogo ulio kabatini huenda ndio dawa yote.

Kama diski ipo, msikilize keneli, yaani kiini cha Linux:

`dmesg | grep -iE "error|ata|nvme"`

Ukiona "I/O error" zikirudiarudia, diski au waya wake una matatizo. Kutofautisha, simika smartmontools na uandike `smartctl -a /dev/sda`. Tazama mistari minne. Reallocated_Sector_Ct, Current_Pending_Sector na Offline_Uncorrectable zikiwa na namba inayoongezeka, diski inakufa. UDMA_CRC_Error_Count ikiongezeka peke yake, mshukiwa wa kwanza ni waya. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu wa Kwai: waya unaweza kupatikana Lushoto, lakini diski ya kufaa huenda ikahitaji safari ya kuteremka Soni hadi Mombo na kuendelea mbele.

Sasa panda kwenye LVM kwa amri tatu zinazosoma tu:

`pvs`
`vgs`
`lvs -a -o +devices`

Ya kwanza inaorodhesha volyumu halisi, ya pili makundi, ya tatu volyumu za kimantiki pamoja na diski zinazozikalia. Nakili majibu yote daftarini. Kwenye `vgs`, herufi ya `p` katika safu ya Attr ina maana kundi limepungukiwa na diski. Kwenye `pvs`, neno `[unknown]` lina maana hiyo hiyo. Kwenye `lvs`, herufi ya tano ya Attr ikiwa `a`, volyumu imewashwa. Ikiwa ni kistari, imezimwa, na volyumu iliyozimwa mara nyingi haina ugonjwa wowote.

Ukifika hapa tayari unajua tabaka lenye kosa.

Makosa yanayojitokeza zaidi

*"unknown filesystem type 'LVM2_member'".* Hili huwapata wanaochomoa diski ya seva na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, kisha wakajaribu kupachika patisheni. Data haina tatizo. Patisheni ni kipande cha ardhi. Kinachopachikwa ni fungu. Andika:

`vgchange -ay`
`lvs`
`mount -o ro /dev/jina_la_kundi/jina_la_volyumu /mnt`

Neno `ro` linapachika kwa kusoma tu. Lizoee, maana linakukinga na mkono wako mwenyewe.

*Seva inasimama kwenye alama ya "(initramfs)" na kusema "/dev/mapper/ubuntu--vg-ubuntu--lv does not exist".* Usishangae vistari viwili: jina la kundi au volyumu likiwa na kistari, LVM huliandika hivyo ndani ya /dev/mapper. Mara nyingine diski imechelewa kuamka, hasa iliyoungwa kwa USB. Subiri kidogo, andika `lvm vgchange -ay`, kisha `exit`. Ikiendelea kuwaka, kagua diski na waya siku hiyo hiyo, kwa sababu kuchelewa kwa leo kunaweza kuwa dalili ya kesho. Ikikataa, rudi kwenye flashi na upande tabaka tangu chini.

*"You are in emergency mode".* Mara nyingi kuna mstari ndani ya /etc/fstab unaotaja diski isiyokuwepo. Labda mtu aliweka diski ya nje ya bekapu, akaiandika humo, kisha akaichomoa akaenda nayo nyumbani. Seva huisubiri kwa kama dakika moja na nusu, halafu inakata tamaa. Ingia kwa nywila ya msimamizi, andika `mount -o remount,rw /`, fungua faili hilo kwa `nano`, na kwenye mstari wa diski hiyo ongeza neno `nofail` katika safu ya nne. Kuanzia hapo kukosekana kwa diski ya ziada hakutazuia seva nzima kuwaka.

*Diski imejaa, na ilinunuliwa kubwa.* Hili linawatesa watu wengi sana, na tiba yake ni ya furaha. Ubuntu Server, katika mpangilio wake wa kawaida, haigawi ardhi yote. Kwenye diski inayozidi gigabaiti 200 inakata fungu la gigabaiti 100 tu kwa mfumo, na nyingine inabaki bila mwenyewe. Mtu wa diski ya terabaiti 1 anaandika `df -h`, anaona asilimia 100, anaanza kufuta rekodi za zamani. Usifute kitu. Andika `vgs` na utazame safu ya VFree. Kama kuna nafasi, ongeza:

`lvextend -r -L +100G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

Herufi `-r` inakuza mfumo wa mafaili pamoja na volyumu, na kazi hufanyika seva ikiendelea kutumika. Ukiisahau, volyumu itakua huku `df` ikionyesha ujazo ule ule wa zamani. Hapo tumia `resize2fs` kwa ext4 au `xfs_growfs` kwa XFS. Nashauri usichukue nafasi yote. Bakiza ya kupumulia, kwa sababu fungu ni rahisi kuliongeza na vigumu kulipunguza: ext4 lazima ishushwe kwanza, yaani iondolewe kwenye folda ilikopachikwa, ndipo ipunguzwe, na XFS haipungui.

*"Insufficient free space".* Umeomba zaidi ya kilichopo. Ujumbe wenyewe unataja vipimo vinavyohitajika na vilivyopo. Zidisha vilivyopo kwa MiB 4 upate kiwango cha kuomba. Usijaribu kupunguza fungu jingine ili ulipe hili bila kwanza kuwa na bekapu.

*Picha ya muda imekufa.* Wengine hutumia picha ya muda, yaani snapshoti, kabla ya kusasisha programu. Picha hiyo hupewa nafasi yake, na kila badiliko kwenye volyumu ya asili linaitumia. Ikijaa, inabatilika, na `lvs` inaonyesha herufi ya `I`. Volyumu ya asili haijaguswa. Ondoa ile picha, kwa jina lake kamili, baada ya kulisoma mara mbili. Wenye hodhi jembamba, lile linaloahidi nafasi kubwa kuliko iliyopo, waangalie Data% na Meta% kila wiki. Hodhi likijaa, maandishi yanakwama, na mifumo ya mafaili iliyo juu yake inaumia.

*Makundi mawili yenye jina moja.* Shule ina seva mbili za Ubuntu. Moja inakufa, diski yake inahamishiwa kwenye nyingine ili data iokolewe. Zote mbili zina kundi linaloitwa ubuntu-vg, na LVM inachanganyikiwa. Andika `vgs -o +vg_uuid`, tambua kundi la mgeni kwa namba yake ndefu, na ulibadilishe jina:

`vgrename namba_ya_mgeni kundi_la_zamani`

Usibadilishe jina la mwenyeji, maana mfumo unaoutumia unawaka kwa jina hilo. Njia salama zaidi ni kuwasha kwa flashi na kuchomeka diski ya mgeni peke yake.

Diski moja ya kundi haionekani

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ujumbe husema "Couldn't find device with uuid", ukifuatiwa na namba ndefu. Kundi lina diski mbili au tatu, na moja haionekani. Kuna hali tatu, na kila moja ina njia yake.

Hali ya kwanza: diski ilichomoka na imerudi. Kama bado `pvs` inaonyesha kwamba imehesabiwa kuwa imepotea, LVM iliandika rejista upya wakati diski haipo. Ukiwa na uhakika kwamba ni diski ile ile, andika `vgextend --restoremissing jina_la_kundi /dev/sdb`, kisha uwashe kundi. Kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat toleo la 9, diski nzima inaweza kuachwa kwa sababu haimo kwenye orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa. Hapo dawa ni `lvmdevices --adddev /dev/sdb`.

Hali ya pili: diski ipo, `lsblk` inaiona, lakini alama ya LVM imefutwa. Labda mtu aliichomeka kwenye Windows akakubali kuiandaa, au alielekeza amri kwenye herufi isiyo yake. Kama ni alama na rejista tu zilizofutwa, mafungu yenyewe bado yako palepale, kwa kuwa kwa kawaida data ya LVM huanza baada ya mebibaiti ya kwanza. LVM hutunza nakala za rejista katika /etc/lvm/backup na za zamani zaidi katika /etc/lvm/archive. Ni maandishi ya kawaida, yafungue uyasome. Kama folda hizo zilikuwa ndani ya volyumu isiyowaka, tafuta nakala ya rejista kwenye diski nyingine ya kundi lile lile:

`dd if=/dev/sda3 bs=1M count=1 | strings | less`

Kabla ya ukarabati, hifadhi mwanzo wa diski iliyofutwa kwenye flashi, ili uweze kurudi ulipoanzia:

`dd if=/dev/sdb1 of=/media/flashi/mwanzo.bin bs=1M count=1`

Kisha rudisha alama, kwanza kwa jaribio:

`pvcreate --test --uuid "namba_ndefu" --restorefile /etc/lvm/backup/kundi /dev/sdb1`

Likikubalika, irudie bila `--test`. Kuna `pvcreate` ya kuunda upya na kuna hii yenye `--uuid` na `--restorefile`. Ya kwanza ni mwiko, ya pili ni tiba. Halafu andika `vgcfgrestore --list kundi` uone nakala zilizopo na tarehe zake, chagua ya mwisho kabla ya ajali, na uirejeshe kwa `vgcfgrestore -f faili kundi`. Washa kundi, pachika kwa kusoma tu, fungua mafaili kadhaa ya miaka tofauti. Yakifunguka, nakili kila kitu nje kabla ya kufurahi.

Hali ya tatu: diski imekufa kweli na hairudi. Volyumu ambazo hazikuwa na kipande kwenye diski hiyo ni nzima. Safu ya Devices uliyoinakili inakuambia ni zipi. Ziwashe na uzinakili. Zilizokatwa katikati zinaweza kuwashwa kwa `vgchange -ay --activationmode partial kundi` na kupachikwa kwa kusoma tu ili uokoe kinachookoka. Ndipo tu, data ikiwa mahali pengine, utumie `vgreduce --removemissing`. Ikikataa na kukutaka uongeze `--force`, simama: neno hilo litafuta volyumu zote zilizogusa diski iliyopotea. Litumie siku ambayo hakuna unachokitegemea humo.

Diski inayokufa haisubiri

Kama smartctl imeonyesha kwamba diski inaugua, usikarabati chochote juu yake. Kila ukarabati ni maandishi mapya kwenye sahani inayochakaa. Pata diski nyingine yenye ujazo sawa au zaidi na uinakili nzima kwa GNU ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zilizo salama na kuacha mbovu kwa mwisho:

`ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.map`
`ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb ramani.map`

Ya kwanza inakimbia, ya pili inarudi kung'ang'ania zilizobaki. Faili la ramani liwe kwenye flashi, maana umeme ukikatika katikati, ndilo litakalokuwezesha kuendelea ulipoishia. Kagua mara tatu ipi ni chanzo na ipi ni mpokeaji. Kupindua majina mawili ni kuandika utupu juu ya data. Ukimaliza, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha LVM, la sivyo mashine itaona volyumu halisi mbili zenye namba moja na kulalamika. Ukarabati wote uliobaki ufanyie kwenye nakala.

Kwa mfumo wa mafaili, fuata utaratibu ule ule wa kusoma kwanza. Volyumu iwe haijapachikwa. `e2fsck -n` kwa ext4 na `xfs_repair -n` kwa XFS huripoti bila kubadilisha. Ukiridhika na ukiwa na nakala, tumia `e2fsck -f`. Kwa XFS, kwanza jaribu kupachika na kushusha, ili shajara yake ijimalizie yenyewe. Herufi ya `-L` ya `xfs_repair` inaifuta shajara hiyo, na pamoja nayo maandishi ya mwisho kabla umeme haujakatika.

Jifunze leo, kabla ya masika

Hakuna anayejifunza kuogelea mtoni wakati wa mafuriko. Mwalimu wa TEHAMA wa Kwai anaweza kufundisha haya yote kwa wanafunzi wake kwenye kompyuta moja, bila kununua diski, kwa kutumia mafaili yanayojifanya diski:

`truncate -s 500M d1.img d2.img`
`losetup -f --show d1.img`
`losetup -f --show d2.img`

Kila `losetup` inajibu kwa jina la kifaa, tuseme /dev/loop20 na /dev/loop21. Tumia majina hayo na si mengine. Viandikishe kwa `pvcreate`, unda kundi kwa `vgcreate mazoezi`, kata fungu kwa `lvcreate -L 600M -n data mazoezi`, weka ext4, pachika, jaza mafaili. Kisha lishushe, zima kundi kwa `vgchange -an mazoezi`, na ufute alama ya diski moja kwa `wipefs -a`. Sasa kundi limeumia kama linavyoumia kweli, na darasa zima lina kazi ya kulirudisha kwa njia ya hali ya pili niliyoieleza. Kijana aliyefanya hivi kwa mikono yake hatatetemeka mbele ya seva ya shule.

Pamoja na mazoezi, fanya maandalizi haya. Weka UPS, na uhakikishe inaiambia seva izime yenyewe betri inapokaribia kwisha. Kila mwezi nakili folda ya /etc/lvm na majibu ya `lsblk -f`, `pvs`, `vgs` na `lvs -a -o +devices` kwenye flashi, kisha chapisha karatasi moja na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Usiunganishe diski mbili kuwa volyumu moja kwa ajili ya ukubwa tu: LVM ya kawaida haina ulinzi wa diski kufa, na diski mbili zilizoungwa hivyo huongeza uwezekano wa kupoteza data. Kama una diski mbili, iwe moja ya kazi na nyingine ya bekapu, au ziweke kioo, data ile ile kwenye zote mbili, kwa `lvcreate --type raid1`, ukijua kwamba kioo hakikuokoi na faili lililofutwa kwa makosa.

Na bekapu ikae jengo jingine. Diski mbili kwenye chumba kimoja zinaibwa pamoja, zinaloa pamoja na kupigwa na radi pamoja. Kila muhula, chagua faili moja la zamani na ulirejeshe kutoka kwenye bekapu. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ihesabu kama haipo. Halafu mfundishe mtu wa pili. Walimu huhamishwa, makarani hustaafu, mafundi huhama mikoa, na rekodi za watoto na wagonjwa hubaki palepale zikimhitaji anayezijua. Panga siku kabla mvua za Machi hazijaanza, keti na huyo mtu wa pili mbele ya seva, na mwache yeye aandike `pvs`, `vgs` na `lvs` akueleze anachokiona. Akiweza, kazi yako imekamilika. Akikwama, bado una muda wa kumfundisha.